SOMO LA 12: POMBE NA USUKANI
Je, ni haki sheria imwadhibu mlevi kabla hajaumiza mtu?

Soma kwanza: Kutoka 21:28-36; Kumbukumbu la Torati 22:8; Mezali 23:29-35; Luka 3:12-14.

Wagonjwa wapenzi, na ninyi ndugu mnaowalinda kando ya vitanda, somo hili ni la njia kubwa. Njia inayotoka Beni inapita Oicha, inafika kwetu Eringeti baada ya kilomita karibu 60, kisha inaendelea Komanda na Bunia. Katika njia hiyo inapita kakao yetu, zinapita mbao, wanapita wafanya biashara, wanapita watoto wa shule. Zinapita pia pikipiki za motari na malori yenye kuongozwa na watu waliokunywa.

Watu wanabishana juu ya jambo hili, na hata wakristo hawapatani. Wote wanakubali kwamba mlevi akiua mtu kwa motokari, aadhibiwe. Ulizo lao ni lingine: Kama amelewa, lakini hajagonga mtu, je, amefanya kosa la kuhukumiwa? Tusikie kwanza maneno ya wanaosema hapana, kwa sababu si vema kujibu mtu kabla ya kumsikia.

MANENO YA WANAOKATAA

La kwanza, wanasema: “Sheria ihukumu tendo, isihukumu hatari tu. Mtu aliyefika nyumbani salama, amemkosea nani?”

La pili: “Watu hawana nguvu sawa. Mmoja anakunywa chupa tatu na mkono wake hautetemeki. Mwingine hakunywa, lakini amechoka kupita mlevi. Kwa nini kuhesabu pombe?”

La tatu: “Sheria hii itakuwa shamba la polisi. Watasimamisha kila motari na kudai pesa, aliyekunywa na asiyekunywa.”

La nne ni la wazee wengine wa kanisa: “Ulevi ni zambi. Zambi ni kazi ya kanisa, si ya serikali.”

Maneno haya si ya upumbavu. Tutayajibu moja moja. Lakini kwanza tujue pombe inafanya nini ndani ya mwili.

KAZI YA POMBE MWILINI

Pombe haingoji kama chakula. Inapita upesi kutoka tumboni na matumboni mpaka katika damu, na damu inaipeleka katika ubongo. Huko haianzi na miguu. Inaanza na akili ya kupima mambo, ile inayosema, “Ngoja, usipite.” Kwa hiyo mtu anapata ujasiri kabla hajaanza kuyumba. Baadaye macho yake yanakawia kuona vitu vya pembeni, masikio yanakawia, mikono inakawia.

Shika jambo hili vizuri, maana ni mzizi wa somo lote: chombo ambacho mtu anakitumia kujipima ndicho pombe inachokiharibu kwanza. Mlevi anayesema, “Ninajisikia vizuri,” hasemi uongo. Anajisikia vizuri kweli. Lakini mizani yake imeharibika, na mizani mbovu haiwezi kujipima yenyewe.

Tufanye hesabu. Pikipiki inayokimbia kilomita 40 kwa saa inapita metre 11 kwa sekunde moja. Mtu mwenye akili timamu akiona mtoto njiani, anahitaji karibu sekunde moja kabla hajakamata breki. Mtu aliyekunywa akikawia nusu sekunde zaidi, pikipiki inapita tena metre 5 na zaidi. Metre 5 ni upana wa nyumba ndogo. Mtoto anaweza kuwa ndani ya metre hizo.

Hesabu ya pili. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu karibu 28 za pombe safi. Ini ndilo linalosafisha pombe, na kwa watu wengi linaondoa gramu 7 mpaka 10 tu kwa saa moja. Basi chupa moja inahitaji saa tatu au nne. Tufikiri mtu mmoja ameuza kakao yake, akaanza kunywa saa moja ya jioni, akamaliza chupa tano saa nne ya usiku, akalala. Saa kumi na mbili ya asubuhi anaamka, ananawa uso, anapakia watu. Anafikiri pombe ya jana imekwisha. Haikwisha. Pombe ya chupa moja au zaidi ingali katika damu yake.

Kahawa haiondoi pombe. Maziwa hayaiondoi. Maji ya baridi hayaiondoi. Kahawa inaweza kumfanya mlevi kuwa macho, lakini ni mlevi aliye macho. Dawa ni saa tu.

Na bia ya chupa ina kipimo. Kasiksi ya ndizi haina kipimo kinachojulikana, wala kanyanga. Anayekunywa kikombe cha kanyanga hajui amekunywa bia ngapi.

JINSI SHERIA ILIVYOANZA

Hukumu juu ya jambo hili ilianza mbele ya motokari. Mwaka wa 1872 Uingereza ilitoa sheria ya kuadhibu mtu aliyelewa akiwa na farasi, gari, ng’ombe au mashini ya mvuke mikononi mwake. Mwaka wa 1897, katika mji wa London, dereva mmoja wa teksi jina lake George Smith aligonga jengo kwa motokari yake. Alikubali kwamba alikuwa amekunywa, akatozwa faini ya shilingi 25. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa dereva wa kwanza kuhukumiwa kwa ulevi.

Siku zile hakimu alipaswa kumtazama mtu na kuuliza: Je, alikuwa amelewa kweli? Mashahidi walibishana. Mmoja alisema ameyumba, mwingine alisema ni kilema tu. Ndipo inchi ya Norway, mwaka wa 1936, ikaweka kipimo cha pombe katika damu. Uingereza ilifuata mwaka wa 1967 kwa chombo cha kupima pumzi. Katika mwaka wa kwanza wa kipimo hicho, vifo vya barabarani Uingereza vilipungua kwa zaidi ya 1,100. Watu hao hawakujua kwamba wameokolewa. Walilala nyumbani kwao kama siku zote.

Mataifa yalifanya pia mapatano ya barabara huko Vienna mwaka wa 1968, yakasema kila dereva awe na hali njema ya mwili na ya akili anapoongoza. Inchi yetu, ilipoitwa Zaire, iliingia katika mapatano hayo mwaka wa 1977, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatoa sheria yake ya barabara. Basi ndugu asiseme kwamba jambo hili ni la wazungu wala la jirani. Ni sheria yetu pia.

MABISHANO YA KENYA

Jirani zetu wa Kenya walibishana juu ya ulizo hili hili mbele ya waamuzi. Mwezi wa Desemba 2013 polisi walianza kutumia chombo cha kupima pumzi, ambacho watu walikiita Alcoblow. Madereva wengi walikamatwa usiku. Wengine wakapeleka neno kwa waamuzi. Mwezi wa Februari 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki katika jambo kubwa: sheria yenyewe ya barabara, iliyopitishwa na Bunge, ilidai kuonyesha kwamba dereva ameshindwa kutawala chombo chake, lakini kanuni za kipimo zilimhukumu kwa hesabu ya pombe tu. Kanuni ndogo haiwezi kupita sheria kubwa.

Sikiliza vizuri. Waamuzi hawakusema kwamba ni halali kuongoza motokari ukiwa umelewa. Walisema kwamba serikali nayo inapaswa kufuata njia ya haki inapomzuia mlevi. Hapa tunajifunza mambo mawili pamoja: hatari ni ya kweli, na haki ya mwenye kushitakiwa ni ya kweli.

SASA TUWAJIBU WENZETU

Kwa neno la kwanza, kwamba hajaumiza mtu. Katika Torati ng’ombe aliyepiga mtu kwa pembe mara ya kwanza, mwenyewe hakuhesabiwa na hatia. Lakini kama ng’ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, alikuwa na hatia kubwa. Ujuzi ulibadili hukumu. Na katika Kumbukumbu la Torati Mungu alimwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke. Hakungoja mtu wa kwanza aanguke. Alidai ukingo siku ya kujenga. Basi sheria inayozuia hatari mbele ya damu si kitu kipya.

Tena, wenye kusema “aumize kwanza, ndipo alipe,” wamulize motari atalipa na nini. Mguu uliokatwa haurudishwi kwa mbuzi. Mara nyingi mwenye pikipiki ni maskini, naye mjane aliyepakiwa ndiye anayeuza shamba ili kulipa hospitali. Yule mjane hakunywa. Hakuulizwa kama anakubali hatari.

Kwa neno la pili, kwamba watu hawana nguvu sawa. Ni kweli. Mwili mdogo unashindwa upesi, na kijana asiyezoea njia anashindwa upesi zaidi. Lakini aliyezoea pombe amezoea kuficha ulevi kuliko kuushinda. Kipimo kimoja ni kama mizani ya soko: hakijui nguvu za kila mtu, lakini hakipendelei mtu. Na aliyechoka sana, naye apumzike. Kosa la mmoja halitakasi kosa la mwingine.

Kwa neno la tatu, la polisi. Hapa wenzetu wanasema kweli, wala tusifiche. Sheria njema katika mkono wenye tamaa inakuwa fimbo ya kupiga maskini. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza kodi na askari, aliwaagiza wasidai zaidi ya iliyoamriwa, wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao. Lakini angalia: hakusema kodi iondolewe wala askari waondoke. Ugonjwa wa polisi unatakiwa kuponywa mahali pake: kipimo kionekane kwa wote, faini iandikwe, karatasi ya malipo itolewe. Na wewe mkristo uliyelewa, usimpe polisi pesa ya siri ili akuache uende. Umenunua ruhusa ya kuua.

Kwa neno la nne, la wazee. Mtu anayekunywa nyumbani mwake ana neno na Mungu wake, na mke wake, na kanisa lake. Serikali haimfuati kitandani. Lakini anaposhika usukani ameleta ulevi wake katika njia ya watu wote, wakristo na wasio wakristo. Kanisa haliwezi kumtenga dereva asiye mshiriki. Sheria inaweza kuchukua ufunguo wake.

Basi neno letu ni hili: ni haki kuwa kosa. Lakini adhabu iwe na vipimo. Aliyekutwa amelewa bila kuumiza, anyang’anywe ufunguo usiku ule, alipe faini, na akirudia anyimwe ruhusa ya kuongoza. Aliyeumiza au kuua ahukumiwe zaidi, wala pombe isiwe kisingizio cha kumpunguzia.

HUZUNI NA POMBE

Watu wa Eringeti wanajua kifo cha ghafula. Mwezi wa Novemba 2015 watu waliuawa hapa, hata hospitalini. Wengi wanakunywa kwa sababu ya yale waliyoyaona. Tusiwacheke. Lakini pombe haizikiki huzuni. Inaiamsha tena asubuhi, pamoja na deni. Mwenye moyo uliovunjika aje aseme na muuguzi, au na mchungaji, au na rafiki anayeaminika. Na aliyeokoka katika vita, tusimpoteze chini ya gurudumu.

TUFANYE NINI

1. Ukitaka kunywa, usiende na pikipiki. Ukienda nayo, usinywe.
2. Ukisikia harufu ya pombe kwa motari, shuka. Usione haya. Kilomita mbili kwa miguu hazijaua mtu mzima.
3. Wenye arusi na matanga, wekeni mtu mmoja asiyekunywa ashike funguo zote mpaka asubuhi.
4. Wenye pikipiki, msidai hesabu ya jioni iliyo nzito hata kijana akimbie usiku kuitafuta.
5. Dereva na abiria wavae kofia ngumu.

MTU AKIANGUKA

Hapa watu wengi wanapotea. Wanasikia harufu ya pombe, wanasema, “Ni ulevi tu, mwacheni alale.” Lakini mlevi naye ana kichwa kinachovunjika. Damu ikivuja ndani ya kichwa, mtu anasinzia na kusema ovyo, sawasawa na mlevi.

Umlete upesi kituo cha afya au Oicha ukiona dalili hizi: haamki ukimwita, anatapika tena na tena, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine, damu au maji yanatoka sikioni au puani, ana kifafa, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Usimpe maji, wala kahawa, wala pombe. Shingo yake ikae sawa na mwili. Kama anatapika, watu watatu wamgeuze pamoja kwa ubavu, kichwa na mwili kwa mara moja. Penye damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi, usiachilie.

Yule Msamaria hakumuuliza mtu wa njiani alikuwa ametoka wapi. Alimfunga vidonda kwanza. Hukumu ni ya mwamuzi, nayo itakuja. Kazi yako ni kumfikisha akiwa hai.

MAULIZO

1. Kwa nini mlevi hawezi kujipima mwenyewe?
2. Chupa moja kubwa ya bia inahitaji saa ngapi kutoka mwilini?
3. Ukingo wa dari unatufundisha nini juu ya sheria?
4. Waamuzi wa Kenya walisema nini mwaka wa 2017, na nini hawakusema?
5. Taja dalili tatu za kichwa kilichoumia.
6. Katika arusi ijayo ya jamaa yako, nani atashika funguo? Sema jina lake kabla ya kutoka hapa.