Mwalimu Hafundwi na Chuo Peke Yake

Siku hizi kata zetu nyingi zina shule ya sekondari. Nyingi zilijengwa kuanzia mwaka 2004, Serikali ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES. Wananchi tulisomba mawe na mchanga, tulifyatua matofali, tulichanga fedha. Madarasa yakasimama. Halafu tukaanza kuulizana: Sasa je, walimu wako wapi?

Kujenga darasa ni kazi ya miezi. Kumjenga mwalimu ni kazi ya miaka. Na kazi hiyo haifanywi na chuo kikuu peke yake. Nusu yake inafanyika pale pale shuleni kwetu. Katika somo la leo tutaona jinsi chuo na shule zinavyoshirikiana kumlea mwalimu mpya wa sekondari, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wazazi.

1. Mwalimu anaanzia wapi?

Walimu wa sekondari hutoka njia mbili. Wengine husoma stashahada katika vyuo vya ualimu. Wengine husoma shahada chuo kikuu. Leo tutazungumzia hawa wa chuo kikuu.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza kufundisha walimu mwaka 1964. Baadaye mahitaji yakazidi. Mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Chang'ombe, Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa, viligeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho nacho kinafundisha walimu.

Shahada ya ualimu kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwanachuo husoma mambo matatu makubwa. Kwanza, masomo atakayofundisha, kwa kawaida mawili, kama Fizikia na Hisabati, au Historia na Kiswahili. Pili, jinsi mtoto anavyokua na anavyojifunza. Tatu, mbinu za kufundisha: kuandaa azimio la kazi, kuandika andalio la somo, kutengeneza zana, kutunga na kusahihisha mitihani.

Hukohuko chuoni hufanya mazoezi madogo. Anasimama mbele ya wanachuo wenzake, anafundisha kwa dakika chache, kisha wanamkosoa. Mazoezi hayo ni mazuri. Lakini wale ni watu wazima. Wanaelewa haraka. Hawakuamka alfajiri kutembea kilomita saba, wala hawajakaa na njaa mpaka saa nane. Darasa la kweli liko shuleni.

2. Mwanachuo anapokuja shuleni

Kwa hiyo, kabla ya kupata shahada, mwanachuo hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Wenyewe hupenda kusema wako "field". Wengi huja katikati ya mwaka, masomo ya chuo yanaposimama. Anakuja na barua ya chuo, anapokelewa na mkuu wa shule, anapewa vipindi. Anakaa wiki chache tu.

Hapo ndipo kazi za pande mbili zinapokutana.

Kazi ya chuo: Kumwandaa mwanachuo kabla hajaja. Kumtuma mhadhiri aje akae nyuma ya darasa, atazame anavyofundisha, amweleze palipo pazuri na palipo na kasoro, kisha ampe alama.

Kazi ya shule: Kumpa mwalimu mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa somo lile lile. Mwalimu mlezi hupitia andalio la somo kabla ya kipindi. Hukaa darasani na kuangalia. Baada ya kipindi humwita pembeni na kumsahihisha. Humwonyesha pia kazi nyingine: zamu, mahudhurio, nidhamu, vikao vya walimu na mazungumzo na wazazi.

Mhadhiri huja mara chache kisha huondoka. Mwalimu mlezi yupo kila siku. Mwenye kumwona mwanachuo akichanganyikiwa siku ya Jumanne asubuhi ni nani? Ni yeye.

3. Mfano: yai na chumvi

Tuchukue mfano. Mwanachuo wa Fizikia anafundisha Kidato cha Kwanza juu ya msongamano, yaani kwa nini vitu viwili vya ukubwa sawa hutofautiana uzito. Chuoni amejifunza kwamba mwanafunzi huelewa zaidi akiona na kugusa. Hilo ni kweli. Lakini shule aliyopangiwa haina maabara, na darasa lina watoto sabini. Tena watoto hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa somo ni kwa Kiingereza. Mgeni wa watu anaishia kuandika ubaoni, watoto wananakili. Kengele inalia. Hakuna aliyeelewa.

Mwalimu mlezi mzuri hamcheki. Anamwambia: "Mwalimu, kesho chukua bilauri mbili, maji, chumvi na yai bichi. Yai litazama kwenye maji matupu. Kwenye maji yenye chumvi nyingi litaelea. Kabla ya kuanza, wafundishe yale maneno matano ya Kiingereza ya somo hilo. Wagawe watoto kwa makundi, kila kundi lije litazame."

Kesho yake watoto wanasukumana kuja kuona. Elimu ya chuo ilikuwa sahihi, ila ilihitaji mkono wa mtu anayeijua shule ile. Na mwalimu mlezi naye huenda akapata jambo jipya kutoka kwa kijana yule. Hii ndiyo maana ya ushirikiano.

4. Mambo yanayoharibu kazi hii

Tuseme kweli, mambo hayaendi hivi kila mahali.

Shule nyingi zina upungufu wa walimu, hasa wa Hisabati na Sayansi. Mwanachuo wa Fizikia akifika, huonekana kama mvua baada ya kiangazi. Anapewa vidato vyote. Mwalimu mwenye somo anashukuru Mungu na kupumzika. Hatulaumu uchovu wake, maana pengine alikuwa akibeba mzigo wa watu watatu. Lakini matokeo yake ni nini? Mwanafunzi wa ualimu anaachwa peke yake. Kasoro zake hazionwi na mtu. Anazizoea, na atakuja kuzitumia miaka thelathini.

Upande wa chuo nako kuna matatizo. Wanachuo ni wengi na shule ziko mbalimbali. Mhadhiri anafika mbio, anatazama kipindi kimoja, anajaza fomu, gari linaunguruma nje. Alama anazo, lakini mafunzo je?

Na anayeumia ni mtoto wetu. Mzazi mmoja anaweza kuuliza: "Mbona wanajifunzia kwa watoto wetu?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba hata daktari hujifunza kwa wagonjwa wa kweli, lakini daktari mkubwa husimama kando yake. Kosa si mwanachuo kufundisha watoto wetu. Kosa ni kumwacha awafundishe bila mlezi.

5. Wenzetu walifanyaje?

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, mwaka 1987, Chuo Kikuu cha Oxford na shule za sekondari za eneo lake walianza mpango mpya. Badala ya kumtawanya mwanachuo mmoja huku na mwingine kule, waliwapeleka kwa kundi katika shule moja, wakakaa nayo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kila somo lilikuwa na mwalimu mlezi aliyepanga mafunzo pamoja na wahadhiri.

Mwaka 1992 serikali ya huko ilitoa agizo kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya walimu wa sekondari wenye shahada tayari. Katika wiki 36 za mafunzo, wiki 24 ziwe shuleni. Sehemu ya fedha za mafunzo nayo ikahamia shuleni, maana kulea mwalimu ni kazi, siyo fadhila.

Nchi yao ina uwezo kuliko yetu. Hatuwezi kunakili kila kitu. Lakini jambo moja halihitaji fedha nyingi: chuo na shule kukaa pamoja kabla ya wanachuo kufika, na kukubaliana nani atafanya nini.

6. Sisi wananchi tufanye nini?

(a) Wajumbe wa bodi ya shule waulize kila mwaka: Tumepokea wanachuo wangapi? Kila mmoja ana mwalimu mlezi? Mlezi huyo amepunguziwa vipindi vyake?

(b) Tusaidie mwanachuo apate chumba salama cha bei nafuu karibu na shule. Hii ni muhimu zaidi kwa wasichana. Kijana anayehangaika na mahali pa kulala hawezi kuandaa somo vizuri.

(c) Tuwafundishe watoto wetu kumheshimu. Asiitwe "mwalimu wa muda." Ni mwalimu.

(d) Tumkaribishe. Kijana aliyepokelewa vizuri kijijini hataogopa kupangiwa kazi kijijini. Aliyenyanyaswa ataomba uhamisho kabla ya kufungua begi.

Ndugu wasomaji, wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu huyu bado ni mbichi, naye yuko mikononi mwetu kwa wiki chache tu. Akiondoka amekunjwa vibaya, atarudi hivyohivyo, pengine kwa wajukuu wetu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja kazi mbili za chuo na kazi mbili za shule katika kumlea mwalimu mpya.
2. Kwa nini mazoezi ya chuoni peke yake hayatoshi?
3. Shule yenu ina upungufu wa walimu. Wanachuo wawili wamefika. Mtashauri wapewe vipindi vingapi, na nani awasimamie?
4. Andikeni barua fupi kwa bodi ya shule yenu juu ya jambo moja mnalotaka lirekebishwe.