Kazi Ikija kwa Kebo, Huweza Kuondoka kwa Kebo

Komredi, huenda una rafiki ambaye baada ya mahafali hakuzunguka mjini na bahasha ya vyeti. Aliketi mbele ya kompyuta hapa hapa Nairobi, akawa anaweka alama kwenye picha: hili gari, huyu mtu, hii taa ya barabarani. Mwenye kazi yuko Marekani. Hiyo ndiyo kazi ya teknolojia iliyohamishiwa nje, na ubishi juu yake una umri sawa na wengi wetu.

Walivyobishana Wamarekani

Februari 2004, Gregory Mankiw, mshauri wa uchumi wa Rais Bush, alisema kuhamishia kazi nje ni njia mpya tu ya kufanya biashara ya kimataifa, na kwamba hatimaye Marekani itafaidika. Wacha wanasiasa wamrukie! Hata wa chama cha Rais mwenyewe.

Lakini hoja yenyewe ni ya zamani. David Ricardo aliieleza mwaka 1817: kila nchi ifanye lile inaloliweza kwa unafuu zaidi ikilinganishwa na mengine, kisha zibadilishane. Programu ikiandikwa Bangalore kwa bei ya chini, kampuni ya Marekani inaokoa pesa, na pesa hizo zinaanzisha shughuli nyingine.

Mwaka huo huo Paul Samuelson, mshindi wa Nobel wa 1970, alitia breki. Hakukana kwamba biashara huleta faida. Alisema nchi maskini ikijifunza kuzalisha vizuri kile ambacho tajiri alikuwa akiiuzia, tajiri anaweza kupata hasara ya kudumu. Tena faida na hasara haziwaangukii watu wale wale. Faida ya mwenye hisa hailipi kodi ya nyumba ya mhandisi aliyefutwa.

Sasa soma hoja ya Samuelson ukiwa umeketi upande wetu. Neno zito pale ni "ikijifunza". Anayepokea kazi hafaidiki sana kwa kuipokea tu. Anafaidika anapopanda ngazi.

India walipanda

Infosys ilianzishwa na watu saba mwaka 1981. Kama kampuni nyingi za India wakati huo, ilitegemea kuwafanyia wateja wa nje kazi zao. Mwaka 1999 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani. Mkataba ulikuwa wa Wahindi wenyewe, ujuzi ukabaki kwao, na sehemu ya faida pia.

Sisi je?

Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, intaneti ghali na ya kusuasua. Kebo ndizo zilizowezesha kazi hizi kuja kwa wingi.

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba OpenAI ilikubali kuilipa kampuni ya Sama dola 12.50 kwa saa kwa kazi ya kusoma na kuainisha maandishi machafu, yakiwemo ya ukatili na unyanyasaji wa watoto. Mfanyakazi wa Nairobi alipokea kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijitetea kwamba 12.50 zilijumuisha gharama zote za mradi. Sawa, umeme na ofisi hulipiwa. Lakini angalia pengo hilo, kisha ujiulize ni nani aliyekuwa na nafasi ya kujadili bei.

Mwezi huo huo Sama ilitangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, na watu wapatao 260 wakapoteza ajira. Wachujaji walipoenda mahakamani, Meta ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haina makao hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa dai hilo. Huo ni ushindi mkubwa, maana kazi ikivuka mpaka, sheria nayo imeanza kuifuata.

Kwa hivyo tuzikatae?

Hapana. Mtu mwenye mkopo wa HELB na wadogo zake wanaosubiri karo hawezi kuambiwa asubiri kazi yenye hadhi. Ila kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu. Mwajiri wangu kisheria ni nani? Baada ya mwaka mmoja nitakuwa nimejua nini nisichokijua leo? Nikiumia akilini kwa ninayoyaona, nani atalipia matibabu?

Na kwa sisi tunaosoma uhandisi, sheria na uchumi kuna swali la nne. Yule anayejadili mkataba na mteja wa nje, mbona asitoke darasani mwetu? Kazi ya kuweka alama itakwisha siku mashine zitakapoiweza, au siku nchi nyingine itakapokubali dola moja. Aliyejifunza kuunda hiyo mashine, au kuandika huo mkataba, atakuwa na pa kusimama.