Usawa wa Matibabu Likoni, Kisauni na Changamwe

Pengo la afya ni tofauti ya kuugua, kupona na kufa inayoletwa na makazi, kipato, lugha, jinsia au ulemavu. Kwa kuwa halitokani na maumbile, linaweza kuzibwa. Mombasa bara, pengo hilo huanzia majini. Hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani iko kisiwani: wa Kisauni huvuka Daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa, na wa Likoni husubiri feri au huzunguka Dongo Kundu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa saa chache tu. Ndiyo maana rufaa kutoka Likoni haifai kungoja hali iwe mbaya, na hospitali inayompokea hupigiwa simu kabla gari halijaondoka. Kumkaripia mama kwa kuchelewa, bila kumuuliza amevukaje, ni kumwonea.

Lugha nayo hupuuzwa, kwa sababu karibu kila mtu Mombasa anajua Kiswahili. Lakini nyanya aliyezoea Kidigo au Kigiriama huitikia "ndiyo" kwa heshima hata pale ambapo hajaelewa. Mara nyingi mjukuu ndiye hutafsiri, na nyanya hawezi kumtajia mtoto habari za sehemu zake za siri. Daktari hutibu alichosikia, ugonjwa wenyewe ukabaki. Mkalimani mtu mzima, mlango uliofungwa, na mgonjwa kuombwa aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyotumia dawa: hayo hayagharimu fedha nyingi. Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya ishara ni sehemu ya matibabu.

Bahasha ya dawa iliyoandikwa "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, humtatiza mgonjwa wa kisukari aliyefunga Ramadhani. Akiona aibu kuuliza, hupunguza dozi mwenyewe au huzimeza zote wakati wa futari, na yote mawili ni hatari. Inafaa daktari aulize mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, ili dozi zipangwe upya kati ya futari na daku. Wanaotumia insulini huhitaji uangalizi zaidi, na baadhi yao, pamoja na wajawazito wenye kisukari, hushauriwa wasifunge. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, mgonjwa hufungua papo hapo. Kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu, na wengi hawajaambiwa hivyo.

Wako pia wanaoogopa kufika kabisa: mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke mwenziwe, au kijana anayetumia heroini aliyewahi kufukuzwa kwa maneno. Mwingine hana kitambulisho, na bila hicho kujisajili katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni taabu. Wahudumu wa afya ya jamii, wanaojua nyumba kwa nyumba, ndio huwafikia watu hawa kwanza.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Aliyenyimwa huduma au kudhalilishwa huanza kwa msimamizi wa kituo. Asiporidhika, hupeleka malalamiko kwa idara ya afya ya kaunti, au kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC).