Spiriti Inavyotoka kwenye Molasi

Kiwanda cha sukari kikishavuna fuwele zote zinazowezekana, hubaki na uji mweusi mzito unaonata, ambao hata ukichemshwa tena hautoi sukari ya faida. Hiyo ndiyo molasi. Wafugaji huinyunyizia kwenye malisho ya ng'ombe, ila karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari, na hamira inaijua kazi yake. Ethanoli, yaani spiriti, inayotoka Muhoroni nchini Kenya, Kilombero nchini Tanzania na Kakira nchini Uganda chanzo chake ni huo uji. Brazili hutumia pia maji ya miwa yenyewe. Marekani hutegemea mahindi, ambayo wanga wake sharti uvunjwe kwanza uwe sukari.

Molasi haichachuki ikiwa nzito kama ilivyo, kwa sababu sukari ikizidi huinyonya hamira maji yake. Huzimuliwa mara kadhaa, ikatiwa asidi kidogo kuzuia bakteria, kisha hamira hufuata. Humo tangini kila gramu 180 za glukosi zinaweza kutoa, kwa hesabu ya kikemia, gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kabonidayoksaidi. Yaani karibu nusu ya sukari hupaa kama gesi, na viwanda vyenye akili huikusanya na kuwauzia watengenezaji wa soda. Uchachukaji wenyewe hutoa joto, kwa hiyo tangi lazima lipozwe libaki kwenye nyuzi 30 hadi 35. Likiachwa lipande, hamira hulegea na kufa. Baada ya siku moja au mbili povu hutulia. Kilichomo ni pombe ya asilimia 8 hadi 10 hivi, chungu, ambayo hakuna mlevi angeisifu.

Mpaka hapo gharama si kubwa, maana hamira haidai mshahara. Fedha huliwa na hatua inayofuata: kuitoa ethanoli ndani ya maji yote yale.

Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100. Mpika gongo hutumia tofauti hiyohiyo kwa pipa na bomba. Kiwandani kuna mnara wa chuma wenye makumi ya trei zilizotobolewa. Pombe huingia juu na kushuka trei baada ya trei, mvuke wa moto hupanda kutoka chini, na kila vinapokutana ethanoli kidogo huhamia kwenye mvuke na maji kidogo hurudi chini. Kila trei ni kama pipa moja la mpika gongo, lakini moto ni mmoja. Minara inayofuata huondoa vile visivyotakiwa: vyepesi kama asetaldihaidi hutolewa kileleni, na alkoholi nzito zenye harufu kali huchomolewa pembeni.

Juhudi hizo zote hugota kwenye asilimia 96 hivi. Hapo maji na ethanoli huchemka pamoja, na hata ukiongeza trei mia hutapata zaidi. Anayetaka ethanoli kavu ya kuchanganya na petroli huupitisha mvuke kwenye punje za zeolaiti, zenye vitundu vinavyoinasa molekuli ya maji na kuiacha ya ethanoli, iliyo kubwa zaidi, ipite.

Kwa mnunuzi, jambo kubwa ni kujua chupa aliyoshika ina spiriti gani. Iliyosafishwa kikamilifu huenda kwenye vinywaji, dawa na manukato. Ile ya kuwashia au ya viwandani hutiwa makusudi vitu vichungu au vyenye sumu, methanoli ikiwemo, ili isinyweke na isitozwe kodi ya pombe. Kuichuja kwa mkate au mkaa hakuitoi methanoli hiyo. Molasi yenyewe huzaa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki kutokana na pombe haramu, kama vya Kenya mwaka 2014, husababishwa na methanoli ya viwandani iliyochanganywa na mtu. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima, kisha macho huona ukungu. Aliyefikia hapo apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale eti pombe imtoke.

Kwa kutakasa mikono, usikimbilie ya asilimia 96. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani ni wa asilimia 80, kwa kuwa maji huisaidia ethanoli kuziharibu protini za vijidudu, na pia huichelewesha kukauka.

Wanaoishi jirani na kiwanda nao wana la kuuliza: maji meusi yanayobaki chini ya mnara yanakwenda wapi? Kila lita moja ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji hayo, ya moto, yenye asidi na uozo unaomaliza oksijeni ya mto na kuua samaki. Yakizalishiwa biogesi kwanza, kisha yakapimwa na kuzimuliwa, hufaa kurutubisha mashamba ya miwa, maana yana potasiamu nyingi.

Na kama unapikia jiko la ethanoli, usiongeze mafuta kabla jiko halijapoa. Mwali wake ni wa buluu hafifu, na mchana juani huweza usionekane kabisa. Pitisha kiganja kwa mbali juu ya jiko usikie kama kuna joto, ndipo ufungue chupa.