SOMO LA USALAMA BARABARANI: Jitayarishe kwa Pancha Kabla ya Kuondoka Kaplong

Kaplong ni njia panda. Kutoka hapo barabara moja huelekea Litein na Kericho, nyingine Sotik na Kisii, na nyingine Bomet hadi Narok. Dereva anayepata pancha mjini hakosi fundi. Taabu huanza gari linapoacha lami na kuingia barabara za udongo, kama zile za upande wa Ndanai na Abosi. Huko mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kuona gari lingine. Aliyebeba majani chai yanayotakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, maziwa, au mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, hana muda wa kupoteza.

Kabla ya safari

Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda na kudanganya. Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho pembeni mwa mlango wa dereva. Gari likibeba mzigo mzito, fuata kiwango cha mzigo. Tairi lenye upepo mdogo hupinda sana linapozunguka, hupata joto, na mwisho hupasuka.

Angalia meno ya tairi. Ndani ya mifereji yake kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vituta hivyo, tairi limeisha. Tairi kipara halishiki udongo mwekundu ukilowa, na hutobolewa na mawe kwa urahisi.

Angalia pia umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka na kupasukapasuka hata kama meno bado yapo.

Usisahau spea. Hupoteza upepo polepole ikiwa imekaa tu, na wengi hugundua hayo siku wanapoihitaji.

Vifaa vya kubeba

- Jeki na spana ya nati za magurudumu zinazoifaa gari lako
- Kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki, isizame kwenye udongo
- Lifesaver mbili, kama sheria ya trafiki inavyotaka
- Pampu na kipimo cha upepo
- Tochi, glavu, koti linalong'aa na simu yenye chaji

Mwendeshaji bodaboda abebe pampu ndogo, viraka na gundi.

Pancha ikitokea

1. Tairi likipasuka, usikanyage breki kwa ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe.
2. Tafuta mahali tambarare, mbali na kona na mteremko. Ni heri kuharibu tairi kwa kusogea mita chache kuliko kusimama mahali ambapo lori halitakuona.
3. Washa taa za tahadhari, weka breki ya mkono na gia. Abiria washuke wote na wakae nje ya barabara, wala wasisimame nyuma ya gari.
4. Weka lifesaver mbele na nyuma, angalau mita 50 kutoka kwa gari. Karibu na kona, iweke kabla ya kona.
5. Zuia kwa mawe gurudumu lililo kwenye kona ya gari inayotazamana kimshazari na lenye pancha.
6. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo uinue kwa jeki. Laza spea chini ya ubavu wa gari. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi badala ya mtu. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.
7. Funga nati kwa kuruka moja hadi ile inayoikabili, kisha teremsha gari na uzikaze tena kwa nguvu.

Kabla ya kuondoka, toa mawe na matawi yote barabarani. Jiwe lililoachwa linaweza kumwangusha mwendeshaji bodaboda usiku.

Baada ya hapo

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikiwa spea ni ile nyembamba ya muda, usizidi kilomita 80 kwa saa. Peleka tairi lililotoboka kwa fundi siku hiyo hiyo, kwani pancha ya pili haina spea.

Panapotokea ajali au majeruhi, piga 999 au 112. Laini ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199.

Zoezi la wiki hii

Toa spea uwanjani nyumbani, ipime upepo, kisha badilisha gurudumu moja. Kila mtu anayeendesha gari hilo ajaribu. Nati iliyoshika kutu ni afadhali ikushinde nyumbani mchana kuliko Ndanai usiku wa mvua.