Kirusi Y cha Karoti: Kwa Nini Kuua Vidukari Hakutoshi

Mkulima aonapo vidukari katika shamba la karoti, mara nyingi hukimbilia kununua kiuatilifu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini fedha hiyo huweza kupotea bure. Mfano wetu ni Kirusi Y cha karoti, kilichowatia hasara wakulima wa Australia, hasa Australia Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Dalili zake

Majani huwa na mabaka ya manjano, kingo zake huwa nyekundu, na vijani hugawanyika vyembamba kama unyoya. Mmea ukiambukizwa ungali mchanga, mzizi hudumaa, hupinda na kujaa vinundu, wala hauuziki. Ukiambukizwa karibu na kukomaa, madhara huwa madogo. Hata hivyo, udongo wenye mawe, samadi mbichi na minyoo fundo pia huharibu umbo la karoti. Uthibitisho hupatikana maabara.

Namna kinavyoenea

Kidukari hutoboa jani kwa mdomo wake mwembamba ili kuonja utomvu. Akionja mmea mgonjwa, kirusi hunasa mdomoni. Akirukia mmea mzima na kuonja tena, huuambukiza. Kuonja huko huchukua sekunde chache tu, ilhali kiuatilifu huhitaji muda mrefu zaidi ili kiue. Kidukari atakufa, lakini kirusi kitakuwa kimekwisha kuingia. Kupuliza tena na tena humwongezea mkulima gharama, na humwongezea mlaji hatari ya masalia ya viuatilifu.

Yafaayo kufanywa

1. Usipande karoti changa kando ya shamba la karoti zilizokomaa. Ikiwezekana, shamba jipya liwe upande unakotoka upepo.
2. Ukimaliza kuvuna, lima masalia mapema na ng'oa maotea, kwa maana kirusi hiki hudumu katika mimea hai.
3. Pisha kipindi kisicho na karoti shambani, kisha panda zao lisilo la jamii yake. Giligilani na kotimiri ni za jamii hiyo.

Tahadhari kwa mnunuzi wa pembejeo

Hakuna kiuatilifu kinachoponya mmea uliokwisha kuambukizwa kirusi. Muuzaji akikuahidi dawa ya namna hiyo, usinunue. Soma kibandiko: kama zao lako na mdudu unayemlenga havikutajwa, bidhaa hiyo si yako. Ukiwa na shaka, mwone afisa ugani kabla ya kulipa.

Tahadhari kwa mlaji

Kirusi hiki hushambulia mimea, hakimwambukizi binadamu. Karoti iliyopinda lakini haijaoza huliwa bila wasiwasi. Vilevile, karoti nyoofu na yenye kupendeza si ushahidi kwamba haina masalia ya viuatilifu. Osha zote kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuzila au kuzipika.