Kuku mia wa kwanza: piga hesabu kabla hujatuma hela

Leo tuongelee biashara ambayo wengi mnaiulizia: kuku wa nyama. Wewe uko Muscat au Doha, banda liko nyumbani Tanzania, na anayelisha ni mdogo wako.

Simu yenyewe huja wiki ya nne. "Dada, chakula kimeisha." Na mshahara bado. Hapo unakopa kwa wenzako, au kuku wanapunguziwa chakula na kudumaa. Mara nyingi mdogo wako hajala hela. Hesabu haikupigwa tu. Kuku wa nyama hufugwa wiki tano hivi na kila mmoja hula karibu kilo tatu, lakini kama theluthi mbili ya chakula hicho huliwa wiki mbili za mwisho. Kwa kuku mia, mfuko wa kwanza wa kilo 50 unaweza kufika wiki mbili, ukajiona mambo mepesi. Wiki ya tano mfuko kama huo haumalizi siku nne.

Sasa chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaani kwenu. Vifaranga 100 kwa 1,800 ni 180,000. Mifuko sita ya chakula kwa 72,000 ni 432,000. Chanjo, dawa, mkaa na maranda tuseme 80,000, na hapo kwenye chanjo ya kideri na Gumboro usibane kabisa. Jumla 692,000. Wakifa sita ukauza 94 kwa 8,000, unapata 752,000. Faida ni 60,000.

Na bado hujamlipa anayelisha. Tunajua ni ndugu, ila mtu anayeamka usiku kuongeza mkaa bila malipo atajilipa mwenyewe, na wewe hutaiona kwenye daftari. Mpe hata 50,000. Imebaki 10,000, na banda hatujaligusa. Wakifa wanane badala ya sita, umeingia hasara.

Hatusemi usifanye. Tunasema mia wa kwanza ni ada ya shule, kwa hiyo usijenge banda la kuku elfu kwa akiba ya miaka miwili. Kodi au azima banda, ujifunze vifo vyenu ni vingapi na kuku kwenu anauzwaje kweli.

Hela ya chakula chote iwepo kabla ya kununua kifaranga hata mmoja. Kama una akaunti nyumbani kwa jina lako, tuma mara moja ulipe ada moja ya kutuma, kisha toa kidogo kidogo kwa simu, na umlipe mwenye duka la mifugo moja kwa moja. Hela ikipitia mkononi mwa mdogo wako itakutana na msiba, ada ya shule na bili ya umeme, na yeye hana ubavu wa kumkatalia mama.

Mteja naye atafutwe mapema. Wiki ya tatu mdogo wako awe ameshaongea na mama lishe na wauza chipsi, kila mmoja aseme anachukua wangapi na siku gani. Kuku wakikosa mnunuzi wakakaa wiki moja zaidi, wanamaliza mifuko miwili mingine na ushee. Hiyo ni 144,000 na zaidi, wakati faida yako yote ilikuwa 60,000.